Glavu za Mke wa Mwalongo

Mwalongo, msambaza mikate kwa baiskeli, aliingia dukani asubuhi ya baridi kali akasema anamtafutia mke wake glavu za betri, zile zinazopata moto.

"Vidole vyake vikoje?" mama mwenye duka aliuliza.

"Kama hivi vyangu."

Mama akavitazama vile vidole vinene, akameza kicheko. Kumbe Kaduma, msambazaji mwenzake, alikuwa pembeni akijaribu kofia. Kipupwe kilichopita kijana huyu alikuja kazini na glavu, Mwalongo akamwita bi harusi mbele za watu mpaka akazivua. Na jana tu, vidole vya Mwalongo vilikufa ganzi, breki zikamshinda, mikate yote ikaishia mtaroni.

"Shikamoo, kaka," Kaduma alisema. "Basi mjaribie shemeji."

Wala hakucheka. Alimvalisha glavu taratibu kama anayemvisha mtoto, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka kwenye kila glavu. Joto likapanda, vidole vikaanza kukunjuka, na hapo Mwalongo akaona jinsi mikono ya Kaduma ilivyopasukapasuka kwa baridi. Aliona bora angetukanwa.

"Zitamtosha?" mama aliuliza.

"Zitamtosha," alijibu, akiangalia sakafu.

Akalipa, akatoka amezivaa, mikono kaificha mifukoni. Wenzao walikuwa wanawasubiri barabarani.

"Mzee, panda twende, mikate inapoa," mmoja wao aliita.

Kaduma alishashika usukani wa baiskeli yake, mikono mitupu. Mwalongo alisimama kando ya yake, taa mbili nyekundu zikiwaka ndani ya mifuko ya koti.