Kidole cha Kaniak

Kaniak alivitupa vidonge kwenye ndoo ya taka mbele ya Colleen, nesi aliyempa.

"Kidole kimekuwa zambarau, mama!" Colleen alifoka. "Wewe umechuna wanyama tangu utotoni, leo kisu kimekukataje ukichuna mzoga? Na zile glavu nilizowagawia?"

"Ziko kwenye droo."

"Basi meza dawa."

"Ndege ikitua."

Nesi alibamiza mlango. Kaniak akaendelea kukoroga supu ya samaki kwa mkono wa kushoto.

"Kichwa chako kigumu kuliko cha umingmak," binti yake Tagalik alimwambia.

"Umingmak wamelala chini. Mimi nimesimama."

Kweli walikuwa wamelala. Ng'ambo ya mto, wale ng'ombe-mwitu wa manyoya marefu walikuwa wakifa kwa mwaka wa pili mfululizo. Bwana wa ofisi ya wanyamapori alikwisha kuamua: mbwa wa wawindaji wa kijiji ndio walioleta ugonjwa, hivyo uwindaji utafungwa. Kijiji kingekula nini? Kaniak alimjibu ana kwa ana, mkutanoni: bakteria wa ugonjwa huu ni walewale walioua umingmak wa kisiwa cha kaskazini, kusikoishi mtu wala mbwa.

"Thibitisha," bwana alisema.

Vinasaba vya bakteria ndivyo vingethibitisha. Lakini mwaka jana vipande vya nyama alivyokata kwenye mizoga viliozea uwanja wa ndege, vikingoja ndege iliyozuiwa na ukungu. Mwaka huu ukungu ulirudi.

Ulipoinuka hatimaye, ndege ilitua, akashuka Daktari Odile, mtaalamu wa vinasaba, na bwana yule nyuma yake. Colleen akawaleta jikoni kwa Kaniak. Odile alifungua sanduku la vipande vya mwaka huu, akaziba pua.

"Uozo umevamia kila kitu. Siwezi kuwapata bakteria ninaowataka. Nawahitaji wakiwa hai."

"Mama, pole," Tagalik alinong'ona.

"Basi tumemaliza," bwana alisema, akifunga zipu ya koti. "Uwindaji umefungwa."

"Kaa chini," Kaniak alimwambia.

Akasogeza sufuria ya supu, akanyoosha mkono wa kulia, akaweka kile kidole kilichovimba katikati ya meza.

"Bakteria hawa wako hai; sikuwaweka sandukuni. Kata kipande, daktari. Na wewe Colleen, sasa lete vidonge vingine."