Jumanne za Kitale

"Vaa viatu, Baba Ubaid. Tunachelewa."

Issack alijitia kiziwi. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ilikuwa hivyo: jua halijatoka vizuri, mkewe Arafa keshasimama mlangoni, mkoba wa makaratasi ya hospitali kwapani. Bungoma mpaka Kitale kwa ajili ya vidonge vya presha! Miaka thelathini alikuwa ameendesha lori la mahindi, na kuanzia Tongaren hadi Mabanga hakukuwa na barabara isiyomjua. Sasa alishikwa mkono kama mzigo usiojua unakopelekwa.

Kule kliniki mambo yalikuwa yale yale. Issack akishapimwa na kupewa dawa zake, Arafa humrudisha benchini. "Usitoke hapa," humwambia, kisha hutokomea kwenye foleni. Issack hubaki saa nzima anahesabu mbu waliopondwa ukutani. Akiuliza alikuwa wapi, hujibiwa, "Mambo ya makaratasi."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Chumvi alipimiwa. Habari za msiba aliletewa siku tatu baada ya mazishi. "Daktari alisema usishtuliwe," Arafa alijitetea. Hata akiamka kwa swala ya alfajiri, Issack alimkuta mkewe ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, macho wazi.

"Unanilinda nisitoroke?"

"Nakuangalia tu."

Februari ya mwaka 2009 akaamua kutoroka kweli. Alikwenda kwa Emmy, mama mwenye duka la intaneti karibu na msikiti.

"Ati siku hizi mtu anaagiza dawa kwa kompyuta?"

"Anaagiza, Mzee. Lakini si kila mahali."

Emmy alimfungulia kurasa tatu. Ya kwanza iliuza kila dawa ya dunia bila kuuliza swali. "Hawa hata cheti cha daktari hawataki. Watakuzika," Emmy alisema, akaifunga. Ya pili ilitaka kadi ya benki, na anwani yake ilikuwa ng'ambo. Ya tatu ilikuwa ya duka la dawa la Nairobi. Hao walitaka nakala ya cheti, walitaja jina la mfamasia, na waliweka namba ya simu.

Issack aliipiga palepale. Mwanamke alipokea, akamuuliza anameza nini, mara ngapi kwa siku, na presha ilipimwa lini. "Kila mwezi upimwe hapo karibu na kwako, kisha unitumie majibu," alisema. "Bila majibu, situmi dawa."

"Hawa sasa ni watu," Issack alimwambia Emmy.

Pakiti ya kwanza ilifika kwa basi. Aliiweka mezani mbele ya Arafa kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Kitale tumemaliza, Mama Ubaid. Daktari wa hapa mjini atanipima, na dawa zitakuja zenyewe."

Arafa aliigeuza ile pakiti, akaigeuza tena. "Na mwezi ujao?"

"Zitakuja."

"Na ule mwingine?"

"Mpaka nife, zitakuja!" Issack alicheka. Arafa hakucheka.

Jumanne ya kwanza ya Machi Issack alimkuta amevaa buibui.

"Nataka kwenda Kitale nikamsalimie Nasro."

"Nasro si atakuja Idi? Binamu gani huyo hawezi kungojwa?"

Aprili, Arafa alitaka kwenda kununua vitambaa. "Vitambaa vimeisha Bungoma?" Issack alimuuliza. Mei hakutoa sababu. Alisema tu, "Twende, hata kwa kutembea," na sauti yake ilikuwa ndogo. Issack alielewa, au alidhani ameelewa: askari aliyepoteza mfungwa wake hana la kufanya. Alimwonea huruma kidogo, lakini hakukubali. Na bila ruhusa yake Arafa hakuwa mtu wa kutoka mjini.

Wiki zikapita, na Issack akanenepa kwa uhuru. Presha ilishuka, daktari akampa mkono. Alitembea mpaka stesheni ya reli na kurudi bila kuguswa na mtu. Arafa ndiye aliyepoa. Ndoo ya maji, tena nusu, aliitua mara mbili kati ya bomba na mlango.

"Ni kukaa bure huko," Issack alimtania. "Ulizoea kunikimbiza."

Arafa alitikisa kichwa, akaketi kwenye ngazi.

Asubuhi moja ya Julai simu ililia. Issack alikuwa barazani, chai mkononi. Arafa alikuwa bado hajatoka chumbani.

"Ni Mzee Issack? Mimi ni Sista Chepchumba, kliniki ya Kitale."

Issack aliiweka chai chini, akatabasamu. Kumbe walikuwa wamemkosa!

"Sista, mimi nilishahama. Naletewa dawa mpaka mlangoni. Presha yangu iko chini, uliza daktari yeyote hapa Bungoma. Huko sirudi, hata mama watoto akija kunishtaki."

Karatasi zilipekuliwa upande wa pili.

"Samahani, Mzee," Chepchumba alisema. "Kwani wewe pia ni mgonjwa? Mimi nakujua kama yule mzee wa benchini, aliyekuwa akimsindikiza Mama Arafa kliniki ya moyo. Hajaja kuchukua dawa tangu Februari. Bado yuko?"