Kizimba cha Baba

Siku hizi kila mtu ana panya wake nyumbani, aliyeumbwa kwa vinasaba vyake mwenyewe. Dawa mpya hunyweshwa panya kwanza. Ikimuua yeye, itakuua na wewe.

Jumamosi nilipokuwa nikisafisha vizimba, niliwatia wetu wote watatu kwenye ndoo moja, kisha nikawarudisha kwa kukisia. Panya weupe, nani atawatofautisha?

Jumatatu muuguzi wa mtaa, Bi Tausi, aliwanywesha dawa ya homa iliyozuka. Leo asubuhi amekuta mmoja amekufa. Akasoma kibandiko cha kizimba.

"Huyu ni wa mumeo. Yeye asiinywe. Wewe na mtoto mnywe sasa hivi, homa haisubiri."

Nilitaka kusema. Lakini kuchanganya panya ni kosa la kushtakiwa, na Bi Tausi alikuwa ameshamimina. Nikameza yangu, nikampa binti yangu Mwanaheri kikombe chake.

Hakukipokea. Alikuwa amechutama mbele ya kizimba cha baba yake, akimpapasa yule panya kwenye sikio lenye pengo, pengo ambalo mimi sikuwahi kuliona.

"Mama," akauliza, "mbona panya wangu amelala kwa baba?"