Mtakatifu wa Juu ya Nguzo

Paliondokea Mbuzi aliyeishi juu ya nguzo miaka saba, akifunga na kuiombea dunia. Kila asubuhi Punda alimwekea mkate na maji kapuni, naye akalivuta kwa kamba bila kutazama chini.

"Mungu ananilisha direct, bila dalali!" aliwatambia mahujaji.

Siku moja kapu lilipanda tupu.

"We Punda! Unataka mtakatifu afe njaa?"

Akachungulia: Punda amelala chini, anatetemeka kwa homa. Mbuzi akateremka, akachota maji, akamnywesha.

"Baba mtakatifu, na nguzo je?"

"Nguzo haiumwi. Kunywa, ndugu yangu. Na asante. Sorry, nimechelewa miaka saba."

Punda akalia kwa furaha, sauti mbaya ajabu, na Mbuzi akaisikiliza mpaka mwisho kama tenzi.