Sufuria la Harusi

Jirani yake Zamda, Mwanakheri, aliapa kwamba Shebe alijenga ukuta wakati bibi mzee wa mtaani, Bi Tatu, akiwa matangani, akamzibia njia ya kisimani. Mtaa ulilaani, kisha ukanyamaza. Shebe alipokuja kuazima sufuria kubwa la harusi ya bintiye, Zamda alilifudikiza, akalikalia.

“Bomoa ukuta kwanza, ulichukue.”

“Kwani umezibiwa wewe?”

“Sikuzibiwa.”

“Basi pilipili usiyoila yakuwashiani?”

Tangu hapo hakuna aliyempigia Zamda hodi, hata Mwanakheri. Mkesha wa harusi akaingia Bi Tatu, ndoo kichwani, anahema kwa ule mzunguko.

“Mpe tu, mwanangu, nakuomba. Mimi nishazoea kuzunguka.”

Zamda hakuinuka juu ya sufuria. Maji ya ndoo yalikuwa yakimtiririka Bi Tatu shingoni.