Risasi Fupi

Namkunda aliiweka bastola ya marehemu mumewe mezani kwa Shebughe, fundi wa silaha. Wiki ile fisi alikuwa amemchukua mwanawe wa pekee mlangoni pa nyumba. Namkunda hakuwa amelia bado.

Fundi alijaribu risasi ya kwanza kati ya zile alizozisubu mwenyewe kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu. Ncha yake ikachomoza mbele ya silinda, kile kigurudumu chenye matundu ya risasi, na silinda ikagoma kuzunguka.

"Hii ni ndefu mno, mama. Silinda ya bastola yako ni fupi."

Akachukua nyingine, fupi, yenye kichwa bapa. Silinda ikazunguka vizuri.

"Itamuua?" Namkunda aliuliza.

"Itamuua, lakini mpaka umsogelee sana."

"Nitamsogelea."

Fundi alisita, kisha akajaza matundu yote. Namkunda alipotoka alivua viatu ili hatua zake zisisikike, akaviacha kizingitini, akashika njia ya porini bila kugeuka.