Kilio cha Nyumba ya Kwale

Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, siku ambayo nchi nzima ya wanyama ilimwomboleza Mfalme Nyati, mayai ya Kwale yalianza kupasuka. Amri ilikuwa fupi: mpaka jua litue, ruhusa ni kulia tu. Atakayetoa sauti nyingine atafukuzwa nchini pamoja na watoto wake.

Vifaranga tisa walitoka wakiita bila kupumzika. Kwale aliwafunika kwa mbawa, lakini sauti zilipenya. Kunguru, karani wa msiba, akatua mlangoni na daftari.

"Bi Kwale, ni nini hicho ninachosikia?"

"Wanangu, bwana karani. Wametotolewa sasa hivi."

"Sitaki kujua ni akina nani. Wanafanya nini?"

Kwale aliwatazama wanawe, akajibu:

"Wanalia."

Kunguru aliisoma amri tena, herufi kwa herufi, kisha akaandika.

"Tangu asubuhi, hii ndiyo nyumba ya kwanza kuikuta inalia. Kwa Fisi walikuwa wanakula tu. Poleni sana."

Akaruka. Kwale akashusha pumzi mpaka manyoya yakalala.

Kesho yake asubuhi aliwapanga wanawe wote tisa, akaenda nao kumpa pole mjane wa Nyati.